Moto Hausubiri Gari: Zimamoto wa Kwanza ni Jirani

Moto una tabia moja ambayo kila mama anayekaa jikoni anaijua vizuri. Ukiwa mdogo ni mtumishi wetu. Unachemsha uji wa mtoto, unaivisha maharage, unakausha nguo za shule msimu wa mvua. Ukikua dakika chache tu bila mtu wa kuuangalia, haumtambui tena mwenye nyumba. Nyumba ya nyasi inaweza kuteketea kabla maji hayajachotwa mara ya pili.

Hapa kwetu Ruhuwiko, Manispaa ya Songea, tunaishi kando ya barabara iendayo Mbinga, jirani na uwanja wa ndege. Mjini Songea kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba yake ya dharura ni 114. Tunalishukuru. Lakini tuwe wakweli, akina mama wenzetu. Hata sisi tulio karibu na mji, gari lazima lipokee taarifa, litoke kituoni, lipite njiani, kisha litafute uchochoro wa kufikia nyumba. Je, mwenzetu aliye kwenye milima ya Umatengo, ambako nyumba imekaa kwenye mteremko na njia ni ya miguu, atafikiwa na gari lipi? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo maana mwezi huu tumependa tuzungumze juu ya zimamoto wa kujitolea, yaani jirani anayejua la kufanya kabla gari halijafika, au mahali ambapo gari haliwezi kufika kabisa.

MLIMA KILIMANJARO, OKTOBA 2020

Tarehe 11 Oktoba 2020, siku ya Jumapili, moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, mahali panapoitwa Whona. Ni kituo cha kupumzikia watu wanaopanda kwa njia ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo. Maofisa wa hifadhi walieleza kuwa huenda chanzo chake ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Tazama basi, mama msomaji: moto wa kupasha chakula tu, kama ule tunaouwasha sisi kila jioni.

Ulikuwa msimu wa kiangazi. Nyasi na vichaka vya huko juu vilikuwa vimekauka, na upepo ulikuwa mkali. Hapakuwa na barabara ya kupitisha gari la maji hadi sehemu hizo. Waliopanda kuukabili moto walikwenda kwa miguu: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, na wananchi wa vijiji vilivyo chini ya mlima. Ilitajwa kuwa walifika watu wapatao 500. Silaha zao zilikuwa matawi mabichi ya kupigia moto, mapanga, majembe na miguu yao. Wengine walichangia chakula na maji ya kunywa, maana mtu anayepigana na moto kwenye baridi ya mlimani hawezi kukaa na njaa.

Iliwachukua siku nyingi. Moto ulipodhibitiwa, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 90 lilikuwa limeungua. Mwezi Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, safari hii upande wa Karanga, na kwa mara nyingine watu walipanda kwa miguu kwenda kuuzima.

Kwa nini watu wa vijijini waliacha shughuli zao wakapanda? Kwa sababu walijua mlima ule ni wao. Msitu wa Kilimanjaro ndio unaoshika mvua na ukungu, na maji yake ndiyo yanayoshuka kwenye mifereji ya mashamba yao na mabomba ya nyumba zao. Msitu ukiungua, mama aliye chini ndiye atakayetembea mbali zaidi na ndoo kichwani.

SISI NASI TUNA MLIMA WETU

Akina mama wa Songea, tusidhani habari hiyo ni ya Wachaga peke yao. Sisi tunayo Matogoro. Katika milima hiyo ndimo unamoanzia Mto Ruvuma, ambao umeupa mkoa wetu jina, na ambao unakwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji mpaka unapoingia Bahari ya Hindi. Maji tunayopikia mjini Songea yanategemea milima hiyo. Hata hivyo kila mwaka, kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza zinaponyesha, macho yetu yanaona moshi milimani. Mmoja anasafisha shamba, mwingine anafukuza panya, mwingine anarina asali, mwingine anataka nyasi changa za ng'ombe wake. Kila mmoja anasema moto wake ni mdogo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, na anayewasha moto ovyo ukaingia msituni anaweza kushtakiwa. Lakini sheria haipandi mlima kuzima moto. Wanaopanda ni watu.

Tunao pia mfano mzuri wa mababu na mabibi zetu. Wamatengo wa Mbinga, wanaolima kwenye miteremko mikali, hawakuitegemea njia ya kuchoma majani tu. Katika kilimo chao cha ngoro, majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatana kama vyumba vya sega la nyuki, kisha yanafukiwa kwa udongo. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza majani, na mwanamke huchimba mashimo na kufukia. Majani yanaoza na kuwa mbolea, na shimo linashika maji ya mvua ili udongo usishuke bondeni. Kilimo hicho kimedumu zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo mama wa mlimani, kwa jembe lake, amekuwa akiwanyima moto chakula chake kwa muda mrefu bila mtu yeyote kumwita zimamoto.

WENZETU WA NJE WANAFANYAJE?

Huenda mtu akasema kuwa kujitolea kuzima moto ni dalili ya umaskini, kwamba nchi tajiri zina magari. Si hivyo. Ujerumani ni nchi tajiri, lakini wazimamoto wake wengi, karibu milioni moja, ni watu wa kujitolea. Mwokaji mikate, fundi seremala, mwalimu na mkulima wa kijijini wanaacha kazi zao kengele inapolia. Huko Japani kuna vikundi vya akina mama vya kuzuia moto, vinavyofundisha majirani namna ya kutunza majiko na namna ya kuzima moto ungali mdogo.

Nchini Chile, Amerika ya Kusini, vikosi vyote vya zimamoto ni vya kujitolea mpaka leo. Chanzo cha kikosi cha mji mkuu wao, Santiago, kinatuhusu sisi hasa. Jioni ya tarehe 8 Desemba 1863, sikukuu ya Mama Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kanisa moja mjini humo lilijaa waumini, wengi wao wakiwa wanawake. Kanisa lilikuwa limepambwa kwa vitambaa, mishumaa na taa nyingi. Moto ukashika mapambo. Watu wakakimbilia milangoni kwa pamoja, wakaangukiana, magauni mapana ya siku zile yakawazuia wasiinuke, na milango ikazibwa na watu. Walikufa watu wapatao 2,000. Siku 12 baadaye, tarehe 20 Desemba, wananchi wa Santiago walikutana wakaanzisha kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Hawakungoja mwaka upite.

Tukitafakari habari hiyo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kanisani, shuleni na ukumbini, mlango ulio wazi ni sehemu ya ulinzi, si kwa ajili ya hewa tu. Pili, uchungu usipogeuzwa kuwa kazi, unabaki kuwa uchungu tu.

WATOTO WETU

Nasi tunao uchungu wetu. Mwezi Juni 1994 bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, liliungua usiku na wasichana wapatao 40 wakapoteza maisha. Mwezi Agosti 2009 katika Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, walikufa wasichana 12. Ilielezwa kuwa mwanafunzi alikuwa akijisomea kwa mshumaa. Septemba 2024, jirani zetu wa Kenya walizika wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kila mmoja wa watoto hao alikuwa na mama aliyemfungia sanduku, akamwekea sabuni na kumwambia asome kwa bidii.

Basi mama, unapompeleka mtoto bwenini usiulize ada peke yake. Uliza milango ya bweni iko mingapi. Uliza usiku inafungwa na nani, na ufunguo unakaa wapi. Tazama kama madirisha yana nondo zisizofunguka. Uliza kama watoto wamewahi kufanya mazoezi ya kutoka gizani. Mwalimu mzuri hatakasirika kwa maswali hayo, na kamati ya wazazi inayo haki ya kuyauliza.

Na nyumbani je? Tumezoea kwenda shambani au gulioni tukawafungia wadogo ndani kwa kufuli, tukiamini ni kwa usalama wao. Moto ukizuka, kufuli lile linakuwa adui. Ni heri mtoto akae kwa jirani akichafuka vumbi kuliko kukaa salama penye hatari. Mtoto wa mwenzio ni wako, na wako ni wa mwenzio.

TUANZIE JIKONI

Moto unahitaji vitu vitatu: joto, kitu cha kuunguza, na hewa. Kiondoe kimoja na moto unakufa. Hiyo ndiyo elimu yote ya zimamoto, na mama anaweza kuielewa bila kwenda chuoni.

Mafuta ya kupikia yakiwaka kwenye kikaango, usimwagie maji kamwe, maana yataruka na kukuunguza uso. Zima jiko kama unaweza, kisha funika kikaango kwa mfuniko au sinia, na usikifunue haraka. Hapo umeondoa hewa. Mafuta ya taa yakimwagika yakashika moto, tumia mchanga au blanketi zito lililoloweshwa, si maji. Maji yanayabeba mafuta na kuyasambaza sakafu nzima.

Siku hizi wengi wetu tumeanza kutumia mitungi ya gesi, na Serikali kwa mkakati wake wa mwaka 2024 inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema kwa mapafu yetu na kwa misitu. Lakini gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatanda chini sakafuni bila kuonekana. Ukisikia harufu yake usiwashe taa, usizime taa, usiwashe kiberiti. Fungua milango na madirisha, funga mtungi, watoe watoto nje.

Mafiga yawekwe mbali na ukuta wa nyasi au mabua. Kuni za kesho zisikae karibu na moto wa leo. Kama una mbegu za mahindi zilizoning'inizwa juu ya moshi, kamba yake iangaliwe isije ikakatika juu ya moto. Kibatari kisikae karibu na chandarua. Kama uwezo upo, taa ndogo ya jua ni bora kuliko mshumaa kwa mtoto anayejisomea. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu hata siku ya baridi kali ya Juni, kwani hewa yake ya sumu huua bila harufu na bila mwali.

Lipo jambo jingine ambalo huku kusini hatupaswi kulinyamazia. Kifafa kipo katika familia nyingi za Ruvuma na za Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya wagonjwa hao tangu miaka ya 1960. Wagonjwa wengi wana makovu ya moto kwa sababu waliangukia mafigani. Kinachosikitisha ni imani kwamba ukimgusa mtu aliyeanguka kifafa utaambukizwa, kiasi kwamba wapo walioachwa motoni huku watu wakitazama. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa. Mvute upesi, mama. Kisha muinulie jiko juu, lizungushie ukuta mfupi wa udongo, na umpeleke hospitali apate dawa za kila siku.

KIKUNDI CHA MAJIRANI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunapendekeza kila nyumba kumi, au kila jumuiya ndogondogo, iwe na kikundi chake cha zimamoto. Hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji makubaliano.

Kwanza, ishara. Kengele ya chuma cha reli, filimbi, au debe linalopigwa kwa namna moja ambayo kila mtu anaijua kuwa ni moto, wala si mwizi wala msiba. Pili, mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu 114 na kueleza mtaa, njia na kitu kilicho jirani ambacho dereva anakijua. Mwingine akasimame barabarani kuliongoza gari. Tatu, vifaa vinavyokaa mahali panapojulikana: ndoo, madebe ya mchanga, majembe, mafyekeo, ngazi moja imara na mablanketi mazito. Nne, mti au uwanja ambapo kila familia itakusanyika na kuhesabiwa. Mtu asirudi ndani kutafuta mtoto ambaye tayari yuko kwa shangazi yake.

Wagawane kazi kulingana na uwezo. Wenye nguvu wapange mstari wa ndoo kutoka kisimani au bombani. Wajawazito na wazee wawatunze watoto. Asiingie mtu peke yake kwenye nyumba inayowaka. Kwenye moshi, hewa nzuri iko chini, kwa hiyo aliye ndani atambae hadi mlangoni badala ya kusimama.

Kwa moto wa porini kuna kanuni ya mlimani ambayo imeokoa na imeua: moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka. Usisimame juu yake kwenye mteremko. Uendee kutoka pembeni au nyuma, upepo ukikupuliza mgongoni, na uwe umekwisha kuiona njia ya kukimbilia. Vaa nguo za pamba na viatu vinavyofunika mguu. Nguo za nailoni huyeyuka na kuganda mwilini. Lakini kazi iliyo bora hufanyika kabla, mwezi Juni na Julai, kwa kulima ukanda mpana usio na nyasi kuzunguka nyumba, shamba la miti na chanzo cha maji. Ukanda huo tunauita barabara ya moto, na jembe la mama linautosha.

MTU AKIUNGUA

Mtu akishikwa na moto mwilini, asikimbie. Mlaze chini na umfunike kwa blanketi. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ndiyo, dakika 20, ingawa mtoto atalia. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Nguo iliyoganda usiibandue. Funika kwa kanga safi na uende hospitali. Usipake yai, dawa ya meno, mafuta ya taa wala unga. Hivyo vinashika joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda.

BAADA YA MAJIVU

Kikundi cha zimamoto kisivunjike moto unapozimika. Familia iliyounguliwa inaamka asubuhi bila sufuria, bila daftari la mtoto, bila cheti cha kliniki, bila mahindi ya kula hadi mavuno. Hapo ndipo jirani anapimwa. Debe la mahindi kutoka kila nyumba, blanketi moja, sare moja ya shule, siku mbili za wanaume kufyatua tofali na siku moja ya wanawake kukandika. Wengine wameweka kibubu cha kikundi ambacho kila mama anatia kidogo kila mwezi, na hakifunguliwi ila kwa janga.

Hapo pia tuuchunge ulimi. Mara nyingi mama aliyeunguliwa anasikia watu wakisema alikuwa mzembe, au kwamba amerogwa. Amekwisha kupoteza nyumba, asipoteze na heshima yake. Kama kuna kosa la kujifunza, tujifunze wote kimyakimya, kila mmoja akikagua jiko lake.

Mwezi huu basi, akina mama wenzetu, kabla nyasi hazijakauka, mwite jirani yako mmoja tu. Kubalianeni juu ya ishara, juu ya mahali pa ndoo, na juu ya nani atawachukua watoto. Andikeni 114 kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mkishakuwa wawili, wa tatu atakuja kuuliza mnafanya nini. Mpeni ndoo.